Corolla 110: mkia umetulia baada ya wiki saba

Mkia wa gari langu, yaani nyuma, umetulia! Jana alasiri nilitoka Malindi mjini hadi Gede na kurudi, mwendo wa 80, na kila kona niliinua mguu kwenye mafuta makusudi. Gari halikucheza. Nilipaki kando ya barabara nikakaa kimya dakika nzima, moyo umejaa.

Wiki saba, ndugu zangu. Shokamzoba mbili mpya za nyuma, wapi. Tairi za nyuma nikazihamishia mbele, upepo nikapima asubuhi zikiwa baridi, bado. Nikasingizia kusi, maana hali ilizidi nikivuka daraja la Sabaki, pale upepo unapokupiga ubavuni. Lakini hata siku ya shwari, ukiachia mafuta kwenye kona, nyuma inahama kidogo halafu inajirudi. Shokamzoba iliyokufa hurusha gari juu na chini. Hili lilikuwa likienda kando, kana kwamba tairi moja la nyuma lina usukani wake.

Kilichonipotosha ni jeki. Kila nilipolinyanyua gari nilishika tairi nikalitikisa, nikachokonoa mikono, vile vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya nyuma, kwa mtaimbo: imekaza. Gereji mbili zikafanya vivyo hivyo, zikaniambia bushi, ule mpira wenye bomba la chuma ndani kwenye ncha ya mkono, ni nzima. Kumbe gurudumu likining'inia, uzito wake unauvuta mkono upande mmoja, mpira unabana na uchakavu hauonekani. Jumamosi nilipandisha tairi zote nne juu ya vipande vya mbao, nikaweka vizuizi, nikaingia chini na tochi. Mpwa wangu na rafiki yake wakalisukuma buti kushoto, kulia, kushoto. Hapo nikauona: ule mkono wa nyuma kati ya ile miwili ya kushoto, unatembea ndani ya bushi karibu nusu sentimita! Nilipiga kelele mpaka mama akatoka nje.

Nikapima kwa mshipi wa kuvulia, nimeukaza pande zote mbili za gari, usawa wa katikati ya ringi. Naupenda kuliko uzi wa mwashi, ni mwembamba na upepo hauupeperushi. Kushoto, ukingo wa mbele wa ringi ulikuwa umetoka nje milimita 5 kuliko ule wa nyuma. Kulia umeingia ndani milimita 1. Gari la hivyo litatuliaje?

Bolti sasa. Kutu ya chumvi ilikuwa imeigandisha ndani ya bomba la chuma la bushi, na siku mbili za mafuta ya kulegeza hazikusaidia kitu. Kwa kazi kama hii tumia spana ya ringi ya pembe sita, ndefu. Za pembe kumi na mbili zinalamba kichwa cha nati, na ukishakilamba umekwisha. Mwishowe nikashika grainda, nikakata pande zote mbili za bushi, nikafunga mkono mzima mpya.

Linaloniuma ni kwamba bushi ile iliwekwa mwaka jana tu. Nilikuwepo, nikaona fundi akikaza nati magurudumu yakining'inia, na sikusema neno kwa sababu sikujua. Mpira umeshikana na lile bomba la ndani. Ukikaza hivyo, gari likishuka chini mpira unabaki umepindika usiku na mchana, mpaka unachanika. Safari hii nati niliizungusha kwa vidole tu, nikashusha gari, nikalikalia buti mara kadhaa, ndipo nikakaza. Kisha mshipi tena, nikarekebisha: milimita 1 ndani, kushoto na kulia.

Wiki hii nilipanga kufungua breki za nyuma. Zitangoja. Nataka kubadilisha bushi za kulia kabla hazijafika huko, na sitaki kulipia mkono mzima tena wala kazi ya presi, mashine ya kusukumia bushi. Bolti ndefu, nati mbili na vipande viwili vya bomba, kimoja cha kusukumia na kimoja cha kupokea bushi ikitoka, vinatosha kabisa. Bomba nimeshalipata kwa wauza vyuma chakavu. Natafuta washa, vile vibati vya duara vya kukalia nati, nene zisizopinda.