Stata haikufa, ni vishaba tu

Tak! Halafu kimya. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaongea, feni inapuliza, ila ukizungusha ufunguo unasikia tak moja tu chini ya boneti na injini haigeuki. Unazungusha tena: tak. Mara ya tano au ya sita gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno na mtu.

Gari lenyewe ni RAV4 ya zamani, injini 3S, gia otomatiki. Hilo la otomatiki nalitaja makusudi. Gari la gia za mkono likigoma unaita vijana watatu, wanasukuma, unaachia klachi, safari inaendelea. Otomatiki utasukuma mpaka Chalinze.

Niliishi na hiyo tak karibu miezi miwili. Nikienda dukani naacha linanguruma. Kituo cha mafuta nilikuwa nazima injini huku nasoma dua, maana foleni ya nyuma haina huruma. Kisha ikaja asubuhi ya kumpeleka mama kliniki. Saa kumi na mbili, mama ameshakaa kiti cha mbele na kadi yake mkononi, mimi nazungusha: tak, tak, tak. Mama akaniangalia, hakusema kitu. Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, akatoka na kanga yake kiunoni, akaomba kipande cha bomba. Akafungua boneti, akaingiza bomba mpaka kwenye stata, ile mota ndogo inayogeuza injini mpaka iwake.

"Zungusha mwanangu, usiachie." Akagonga mara mbili. Gari likawaka.

"Hiyo stata," akasema akinirudishia bomba. "Leo imekuheshimu kwa sababu ya mama. Siku nyingine itakuaibisha."

Fundi wangu wa gereji alikuwa na mawazo mengine. Alisema betri. Nikanunua betri mpya, na nakiri hapo nilikosea, kwa sababu nilikuwa na mita ya kupimia umeme kwenye begi la kazi na sikuitoa. Betri mpya ikaingia, tak ikabaki palepale. Nilivyorudi akasema bila kupepesa macho, "Basi bosi, stata imekufa. Tafuta nzima, ya mtumba wa Japani." Akanitajia laki moja na sitini, kuifunga elfu thelathini.

Nilianza kufikiri nikiwa kwenye daladala. Kwanza, stata ya mtumba imetoka kwenye gari la umri uleule, imewasha injini maelfu ya mara kama ya kwangu. Ninanunua nini hasa? Pili, kazi yangu mimi ni mafriji na viyoyozi. Kila wiki nakutana na kontakta za viyoyozi, swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, zinapiga tak na kompresa haiondoki. Ukifungua unakuta sumaku nzima, waya mzima, ila vile vishaba vinavyogusana vimeungua. Kwa nini nilikuwa sijaiunganisha tak ya kazini na tak ya nyumbani, sijui. Labda mtu akishakaa kwenye usukani anakuwa mteja tu.

Jumamosi nikamwita binti yangu akae na ufunguo, mimi nikaingia na mita. Betri ikasoma volti 12.6. Nikamwambia azungushe: tak, na mita ikashuka kidogo tu, 12.4. Hapo tayari ni nusu ya jibu. Mota ya stata ikigeuza injini inavuta zaidi ya ampea 100, na betri nzima kabisa itashuka mpaka kwenye 10 hivi wakati huo. Isiposhuka, maana yake hakuna mzigo, umeme hauingii kwenye mota. Nikahamia kwenye stata. Pale nyuma kuna nati mbili kubwa. Ya kwanza inapokea waya mnene kutoka betri: 12.6. Ya pili inapeleka umeme ndani ya mota: wakati wa tak ilitakiwa isome karibu sawa na ya kwanza. Ikasoma sifuri.

"Baba, nizungushe tena?"

"Zungusha." Sifuri.

Umeme unafika mlangoni, unagonga hodi, hauingii.

Kuitoa stata si kazi ya akili, ni kazi ya ngozi ya vidole. Anza na kichwa hasi cha betri, na usifanye utani na hilo, kwa sababu ule waya mnene una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na hauna fyuzi ya kukuokoa. Spana ikigusa bodi ya gari utaona cheche ambazo hutazisahau. Nikatoa betri yenyewe na kitako chake, nikapisha bomba la hewa, nikapata nafasi. Nati ya waya ni spana 12, bolti mbili za kushikilia stata ni 14. Ya juu ilitoka kama inanisubiri. Ya chini ilinila saa nzima.

Mezani nikaipiga picha kwa simu kila upande kabla ya kugusa kitu. Stata hizi za Denso zina kifuniko cha duara nyuma ya solenoidi, yaani sumaku ya umeme ya stata, kimeshikwa na skrubu tatu. Sikuifungua upande wa gia wala sikuhitaji. Kifuniko kikatoka, ikafuata springi na kijiti chenye sahani ya shaba kichwani. Ndani kulikuwa na unga mweusi, ukiupangusa kwa kidole unang'aa rangi ya shaba. Na pale chini, vishaba viwili vimekaa kulia na kushoto.

Kazi yao ni rahisi. Ukizungusha ufunguo, sumaku inavuta kijiti, sahani inashuka na kuvigusa vyote viwili kwa pamoja, umeme unavuka daraja hilo kwenda kwenye mota. Tak unayoisikia ni sahani inavyoshuka. Kishaba cha upande wa mota kilikuwa na doa tu. Cha upande wa betri kilikuwa kimemegwa kama tonge la ugali, katikati kuna shimo la mwezi mchanga. Sahani ilikuwa inashuka mpaka mwisho wake bila kukifikia. Ndiyo maana ukigonga kwa bomba inatikisika, inagusa ukingo, gari linawaka, na wewe unadhani umepona.

Nikafanya jambo ambalo mteja wangu akilifanya kwenye kontakta namgombeza: nikapiga msasa, nikarudisha. Gari likawaka safi, nikajisifu chakula cha jioni kizima. Siku kumi na mbili baadaye, tak. Kishaba kilichopungua hakirefuki kwa msasa, kinapungua zaidi.

Safari hii nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, nimekishika kile kishaba kwenye karatasi. Maduka manne yakaniambia wao wanauza stata nzima tu, mmoja akacheka kabisa. Duka la tano si duka, ni meza ya mzee anayesuka mota. Nikamwonyesha. Akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya meza, limejaa vishaba vya kila umbo.

"Cha pili kiko wapi?"

"Kile kizima, mzee wangu, nimekiacha."

"Hutakiweka kipya na cha zamani pamoja, kimoja kitakuwa juu kimoja chini. Na kulia na kushoto havifanani. Nenda kalete."

Nilirudi kesho yake na vyote viwili. Jozi nzima elfu kumi na mbili.

Maneno yake ya juu na chini niliyaelewa wakati wa kufunga. Kila kishaba kinashikwa na bolti inayopita kwenye ukuta wa stata, na kati ya bolti na ukuta kuna vipete vya plastiki. Ukivisahau au ukivipanga vibaya, umeunganisha betri moja kwa moja na bodi. Zile picha za simu zililipa hapo. Nikakaza nati, nikaiweka mita ilie njia ya umeme ikiungana, nikabonyeza kijiti kwa kidole gumba, mita ikakaa kimya: sahani ilikuwa inagusa upande mmoja, upande wa pili unaona mwanga katikati. Nikalegeza nati zote mbili, nikakibonyeza kijiti kwa nguvu ili sahani yenyewe ivilaze vishaba sawa, nikakaza huku nimekibonyeza. Mita ikalia. Nikaachia, ikanyamaza. Nikabonyeza, ikalia.

Kabla ya kuirudisha garini niliijaribu chini. Nikaikanyaga kwa kiatu, waya hasi kwenye mwili wake, chanya kwenye nati kubwa, kisha nikagusisha chanya kwenye kile kiterminali kidogo kinachopokea umeme wa ufunguo. Ilirukaruka kama kambale. Binti yangu akakimbilia barazani.

Nilipokuwa nimeifungua niliangalia na makaa ya mota, vile vipande vinavyosugua na kupitisha umeme ndani yake, yalikuwa bado marefu. Kama yangekuwa yameisha na mota ndani imeungua, ningelipa ile laki na sitini bila kinyongo, kwa sababu kushona nguo iliyooza pande zote ni kupoteza uzi.

Ni miezi minane sasa. Mama ameshakwenda kliniki mara kadhaa, naye siku hizi anasubiri niwashe kwanza ndipo afunge mlango. Fundi wangu alinipigia mwezi uliopita, ana mteja wa Noah inayopiga tak, akaniuliza yule mzee wa kopo anakaa upande gani.

Ila juzi usiku taa ya chaji imeanza kupepesa kwenye dashibodi. Betri ni ile mpya, kwa hiyo safari hii mita nimeihamishia kwenye gari moja kwa moja.