Nguzo zisiondolewe mapema: ninavyofundisha momenti ya kani kwa simulesheni

Wanafunzi wengi wa sekondari wanaweza kukuandikia kanuni ya momenti (uwezo wa kani kuzungusha kitu, yaani kani mara umbali wake kutoka egemeo) bila kukosea hata nukta, lakini waonyeshe ubao uliokaa juu ya egemeo, yaani pointi unapozungukia, mizigo huku na huku, uwaulize utainamia wapi, utaona wanabahatisha. Mimi nafundisha fizikia hapa Mombasa, na chombo kilichonisaidia zaidi kuziba pengo hilo ni simulesheni, yaani jaribio la kuigiza kwenye kompyuta, iitwayo Balancing Act. Inatoka kwa mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Haina malipo. Walimu wengi wameshaifungua, wakawaachia wanafunzi waichezee, kisha wakashangaa mbona mtihani haukubadilika. Tofauti inatokana na maswali unayoyaweka na wakati unaoruhusu nguzo zinazoshikilia ubao wa simulesheni ziondolewe.

Kwanza matayarisho, kwa ufupi. Usitegemee intaneti ya shule siku ya somo. Simulesheni yote ni faili moja la HTML. Lipakue mapema, liweke kwenye flashi, ulinakili katika kila kompyuta ya maabara, na litafunguka bila mtandao kwa Chrome au Firefox. Ukilitumia kwenye simu ya Android, lichagulie kivinjari mwenyewe, kwa sababu kitazamaji cha faili cha simu mara nyingi huonyesha ukurasa mtupu. Kompyuta moja iwe na wanafunzi watatu. Wakiwa wanne, mmoja anageuka abiria. Iwapo stima zina tabia ya kukatika, weka laptopu moja yenye chaji pembeni, maana inatosha kuendesha somo zima kwa projekta ndogo au hata kwa zamu.

Ukifungua skrini ya kwanza utaona ubao umeshikiliwa na nguzo mbili, na chini yake kuna kitufe cha kuziondoa na kuzirudisha. Kitufe hicho ndicho somo. Ubao ukiwa huru tangu mwanzo, wanafunzi wanasogeza tofali mpaka ubao ukae sawa, basi. Wamefika bila kufikiri. Kwa hiyo amri yangu ni moja: nguzo zibaki mpaka kila mmoja awe ameandika kwenye daftari, kwa kalamu na si penseli, ubao utainama kushoto, kulia, au utatulia, na sababu yake kwa sentensi moja. Ndipo kitufe kibonyezwe. Aliyekosea hafuti. Anaandika chini yake kilichotokea.

Kuna visanduku vya kuonyesha tungamo, mishale ya kani na kipimo cha usawa. Mishale naizima mwanzoni. Urefu wake unaonyesha uzito tu, kwa hiyo mwanafunzi anayeamini kwamba kizito hushinda siku zote anapata ushahidi wa uongo mbele ya macho yake. Kipimo cha usawa nakiwasha, kwa sababu tofauti ya momenti ikiwa ndogo ubao huinama polepole, na mwenye haraka atasema umetulia kabla haujamaliza. Mahali pa mizigo huanza na alama tupu bila rula, kisha rula inafuata.

Sasa maswali, na hapa ndipo ningeomba mwalimu atumie muda wake mwingi. Kwenye skrini ya pili kuna matofali ya kilo 5, 10, 15 na 20, na mizigo hukaa kwenye alama zilizoachana kwa mita 0.25, kutoka 0.25 hadi 2 kila upande. Mwanasaikolojia Robert Siegler alionyesha mwaka 1976 kwamba watoto hulitatua tatizo la mizani kwa kanuni zinazopandana ngazi: kwanza wanaangalia uzito peke yake, baadaye wanaingiza umbali pale tu uzito unapolingana, halafu wanazingatia vyote viwili lakini wanavurugikiwa vinapopingana, na mwisho wanazidisha. Darasani nakutana na wote hao, na zaidi ya hao kuna kundi moja sugu: wanaojumlisha. Hesabu yao ni matofali mangapi na alama ya ngapi, weka pamoja, pande zikilingana ubao unatulia.

Jaribu kilo 15 kwenye mita 0.5 upande mmoja na kilo 10 kwenye mita 0.75 upande wa pili. Ubao unatulia na kila mtu anashangilia. Lakini hesabu kwa jicho la anayejumlisha: kilo 15 ni vipande vitatu vya kilo 5, viko alama ya pili, jumla 5. Kilo 10 ni vipande viwili, viko alama ya tatu, jumla 5. Naye amepata, na ameimarika katika kosa lake. Kilo 20 kwenye mita 0.75 dhidi ya kilo 15 kwenye mita 1 ni vivyo hivyo, na hata kilo 10 kwenye 0.25 dhidi ya kilo 5 kwenye 0.5. Maswali haya ni mazuri machoni, ila hayatofautishi anayeelewa na asiyeelewa. Yaondoe.

Badala yake weka kilo 15 kwenye mita 1, uulize kilo 10 ikae wapi. Anayejumlisha atasema alama ya tano, mita 1.25. Ondoa nguzo, ubao unainamia upande wa kilo 15. Anayezidisha amesema mita 1.5, na ubao unatulia. Swali hili moja linafanya kazi ya mazoezi kumi. Baada yake naweka mawili ya mgongano: kilo 20 kwenye 0.5 dhidi ya kilo 5 kwenye 1.75, ambapo kizito kinashinda, halafu kilo 20 ile ile pale pale dhidi ya kilo 10 kwenye 1.25, ambapo cha mbali kinashinda. Yafuatane bila kitu katikati, ili anayeng'ang'ania uzito na anayeng'ang'ania umbali wote waangushwe na ubao wenyewe. Hapo darasa huanza lenyewe kutafuta namba inayoamua, na ni rahisi kuwaongoza kwenye zao la kani na umbali.

Mizigo miwili upande mmoja inaleta kosa jingine. Weka kushoto kilo 10 kwenye mita 1 na kilo 5 kwenye 0.5. Uliza kama kilo 15 kwenye 0.75 upande wa kulia itausawazisha. Wengi hukubali, kwa kuwa 0.75 ni katikati ya 1 na 0.5. Kushoto kuna 12.5, kulia 11.25, na ubao unainama kushoto. Kila mzigo una momenti yake, zinajumlishwa momenti, wala umbali hauchukuliwi wastani. Kilo 10 kwenye 1.25 ndiyo inayosawazisha.

Skrini hiyo hiyo ina vitu visivyojulikana tungamo lake, navyo nawapa kama zoezi la kupima. Makundi huhangaika kwa sababu wanasogeza kitu na tofali kwa pamoja. Waambie kitu kikae mita 0.5 kisiguswe, wasogeze tofali moja linalojulikana. Ubao ukiinama huku kwenye alama moja na kule kwenye alama inayofuata, jibu liko katikati, hivyo wabadili tofali au waongeze la kilo 5 kulisaidia. Sisisitizi mchezo wa skrini ya tatu. Unafaa kwa dakika za mwisho, au kwa waliomaliza mapema.

Kuhusu vizio: humo ndani kuna kilo na mita, na mwanafunzi atazoea kuandika kilo mara mita. Kwa kuwa mvutano wa dunia ni ule ule pande zote mbili, jibu la kusawazisha halibadiliki. Lakini swali likiuliza momenti yenyewe, kilo 10 kwenye mita 1 ni newton 100 mara mita 1, yaani newton-mita 100, tukichukua newton 10 kwa kila kilo. Nawalazimisha kuandika hatua hiyo tangu zoezi la kwanza, kwani kuirekebisha baadaye ni kazi.

Lipo jambo ambalo simulesheni inalificha, na ukiliacha wanafunzi wataingia maabara na kuona fizikia imebadilika: ubao wake umeegemezwa katikati kabisa, kwa hiyo uzito wa ubao hauna momenti. Kipindi cha pili natumia rula ya mita ya mbao, uzi, na nati za aina moja kutoka duka la hadiwea zikiwa mizigo. Rula ining'inizwe kwa kitanzi cha uzi, isikalishwe juu ya ncha. Ikiwa juu ya ncha, kitovu chake cha uzito kiko juu ya egemeo, na mtikisiko mdogo unaiangusha. Ikining'inia, kitovu kiko chini ya pointi ya kushikilia na inajirudi yenyewe. Ndiyo sababu rula iliyoelemewa kidogo upande mmoja husimama imeinama, ilhali ubao wa kwenye skrini huenda mpaka chini: ubao ukiinama, umbali wa pembemraba kutoka egemeo hadi mstari wa kani hupungua kwa kosaini ile ile pande zote mbili, na upande uliozidi unaendelea kuzidi.

Zima pangaboi. Najua joto la Mombasa, lakini upepo wake unaitingisha rula na vipimo vyote vinapotea. Fungua madirisha ya upande mmoja tu. Pia usidhani sentimita 50 ndipo rula inapotulia. Mbao zilizokaa kwenye unyevu wa Pwani hujikunja, na nyingine zimelika ncha. Kila kundi litafute kwanza pointi yake ya kutulia na kuiandika.

Kisha waning'inize rula mbali na pointi hiyo. Tuseme inatulia yenyewe kwenye 50, nasi tumeishika kwenye 40. Gramu 50 zikiisawazisha zikiwa kwenye 14, umbali wake ni sentimita 26, zao ni 1300, na uzito wa rula uko sentimita 10 upande wa pili. Rula ina gramu 130. Kwa walio na nati tu, jibu linakuja kwa nati, na mizani ya duka itathibitisha.

Zoezi la kumalizia ni mkokoteni wa maji, ambao kila mmoja ameuona mtaani kwake. Ekseli ni egemeo. Madumu kumi ya lita 20: matano mita 0.4 mbele ya ekseli, matano mita 0.4 nyuma, na mpini uko mita 1.6 mbele. Tukiupuuza uzito wa mkokoteni na wa madumu yenyewe, kila dumu ni newton 200. Mwenye mkokoteni akimshushia mteja mawili ya nyuma, mbele kunazidi newton-mita 160, na mkono wake unabeba newton 100. Akishusha mawili ya mbele, newton 100 hizo hizo zinaunyanyua mpini, na itambidi aukandamize asije akaachwa hewani. Wanafunzi waseme ashushe yapi, kwa mpangilio gani, mpaka madumu yaishe bila mkono kubeba zaidi ya newton 50, kisha wakokotoe upya mzigo wa mkono wakitumia mita 0.5 badala ya 0.4.