Nilivyojifunza kuthibitisha muhtasari wa kikao

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, hapa Tanga. Tuko 28 na tunakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kwa miaka miwili, ajenda ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita haikutuchukua hata dakika mbili. Nilisoma mbiombio, mwenyekiti akauliza "Ndivyo?", wakaitikia "Ndivyo!", tukasaini.

Kisha tukaenda benki kubadilisha watia saini wa akaunti. Karani alifungua daftari letu la mihtasari akakuta jina la mtia saini mpya limeandikwa juu ya wino mweupe wa kufutia, pembeni hakuna saini ya mtu. Akaturudisha, na alikuwa na haki. Angejuaje kama jina lile liliandikwa kikaoni au jikoni kwangu?

Tangu siku hiyo rasimu naiandika usiku uleule wa kikao. Ikilala siku tatu, naanza kukumbuka niliyotaka yasemwe badala ya yaliyosemwa. Naandika maamuzi, kiasi, tarehe na jina la mtekelezaji, malumbano siyaandiki. Siku nne kabla ya kikao naituma kwenye kundi la WhatsApp, lakini wapo akina mama wasio na simu za namna hiyo, kwa hiyo kikaoni naisoma tena kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Kila ukurasa ukiisha, mwenyekiti anauliza kama kuna marekebisho, halafu ananyamaza. Ukimya ule ndio unaowapa watu ujasiri wa kusema.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, bibi mmoja aliinua mkono. "Mwanangu, mkopo wa dharura tulisema laki moja na nusu. Wewe umeandika laki mbili." Nikatoa karatasi niliyoandikia siku ile: 150,000. Nilipiga mstari mmoja juu ya 200,000, namba ibaki inasomeka, nikaandika iliyo sahihi juu yake, na mwenyekiti na mimi tukaweka saini fupi pembeni. Wino mweupe sasa ni marufuku kwenye daftari letu.

Ukurasa wa tatu ndio uliotutoa jasho. Dada mmoja alisema faini ya kuchelewa, shilingi 2,000, ifutwe kwenye muhtasari kwa sababu ni kubwa mno. Wengine wakamuunga mkono, baraza ikachemka. Nikaomba nafasi kwa mwenyekiti, nikamuuliza: "Dada yangu, kikao kilichopita tuliamua 2,000, au hatukuamua?" Akajibu, "Tuliamua, lakini mimi nilipinga."

Basi muhtasari ulikuwa sahihi. Anayethibitisha hasemi kwamba uamuzi ule anaupenda. Anasema ndio uliofanyika. Tungeifuta faini pale pale, daftari lingedai hatukuwahi kuiweka, na wenzetu wanne waliokwisha kuilipa wangeonekana wametozwa bila uamuzi wowote. Tukathibitisha kwanza, kisha hoja ya dada tukaipeleka kwenye yatokanayo, yaani ajenda ya mambo yanayotokana na muhtasari uliothibitishwa. Huko alipewa muda wake wote, na faini ikashuka hadi shilingi 1,000 kuanzia siku ile. Daftari letu lina maamuzi yote mawili, kila moja na tarehe yake.

Mtoa hoja ya kuthibitisha na anayemuunga mkono tunawatoa kwenye orodha ya mahudhurio ya kikao kile. Aliyekuwa safarini hatumtwishi ushahidi wa asichokisikia. Mwenyekiti na mimi tunasaini na kuandika tarehe ya siku tuliyothibitisha, si ya siku ya kikao chenyewe. Naomba makatibu wenzangu mliangalie sana hili, maana wengi tunalikosea.

Uamuzi wa watia saini tuliurudia kikaoni siku ileile ya faini, na muhtasari wake ulipothibitishwa kikao kilichofuata tukarudi benki. Karani alifunua kurasa polepole, akafika palipopigwa mstari, akaziangalia zile saini mbili fupi za pembeni, akafungua ukurasa uliofuata.