Siku yangu moja Maligne Lake, kuivizia rangi ya maji

Saa 11 alfajiri nishaamka, huku Jasper, Canada, Septemba hii kioo cha gari kinaamkia kimeganda barafu. Chai ya tangawizi kwenye themosi, vibao vinne vya kuchorea, rangi za mafuta, glavu nilizokata vidole, na lile kopo la pilipili la kufukuzia dubu linakaa kiunoni, hilo siliachi hata siku moja.

Saa 12 na nusu nasimama kidogo Medicine Lake. Ziwa hili kiangazi linajaa, vuli ikifika maji yanazama chini ya miamba yanapita huko gizani mpaka yanaibukia kwenye korongo la Maligne Canyon, linabaki tope na vijito. Pembeni miti iliyoungua moto wa 2015 bado imesimama myeusi. Leo napita tu.

Saa 1 na nusu niko Maligne Lake, barabara inaishia hapo. Ukungu, maji ya kijivu kama bati. Kwetu Moshi nimekua najua mlima unauwahi alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, ukichelewa basi tena, ila huku ni kinyume, inabidi usubiri. Barafu ya juu milimani inasaga mwamba mpaka unakuwa unga laini kuliko sembe, vijito vinauleta ziwani, ule unga unaelea na jua likipanda ndo unarudisha ile bluu ya kijani. Jua likiwa chini hupati kitu. Kwa hiyo kibao cha kwanza nachora ukungu, rangi imekakamaa kwa baridi inaburuzika kwenye brashi.

Saa 3 mpaka saa 5 nasubiri, na kila nikikaa pale namuwaza Samson Beaver. Mary Schäffer, mchoraji wa maua, alilitafuta ziwa hili 1907 akalikosa, ndo Samson, mtu wa Stoney, kabila la wenyeji wa asili wa huku, akamchorea ramani ya kumbukumbu tu maana alifika huku na baba yake akiwa mtoto! 1908 Mary akaifuata akafika. Sasa vilele viwili vya mkono wa kushoto vinaitwa Samson na Leah, mkewe. Kwangu mimi mchoro mkubwa wa ziwa hili ni ile ramani, hata kabla ya mchoraji wa Canada Lawren Harris na picha yake ya 1924 ninayoipenda sana, ile maji yametulia yamebeba milima.

Saa 6 mchana ile rangi ya maji ikawaka. Yaani ghafla tu, bluu mpaka macho yanauma, nikachanganya kobalti na kijani na nyeupe mkono unakimbia maana wingu lilikuwa linakuja, nikapata kama dakika 40 hivi, afu likafunika.

Saa 2 usiku, nyumbani, nakiweka kibao chini ya taa. Leah amekaa vizuri, maji yamezidi kijani. Nimekwangua maji yote kwa kisu, mlima nimeuacha. Kesho saa 11 tena.