Mbeya hadi Dodoma, na neno la siri lililobaki steshenari

Tuliondoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi, mimi na binti yangu anayeanza chuo, tranka la bati, ndoo ya mfuniko na godoro lililokazwa kwa kamba ya katani. Mpakiaji alitaka 30,000 kwa mzigo huo, tukaelewana 20,000, na bado godoro lilikandamizwa na magunia ya viazi ya mtu mwingine. Makambako baridi, Mafinga chai, Iringa foleni ya choo, kisha mteremko wa Nyang'oro na joto la Mtera. Dodoma tuliingia jioni. Gesti ya kawaida, wiki hiyo ya wanafunzi wapya, walitaka 40,000 kwa chumba chenye feni isiyozunguka. Nililipa, kwa sababu tranka halitembei usiku kutafuta bei nyingine.

Lakini nilichokaa chini kukiandika ni cha kesho yake, kwenye dirisha la usajili.

Tulifika pale kabla ya saa tano. Dada wa dirishani aliitikia shikamoo ya binti, akapokea bahasha na kupanga karatasi moja moja: barua ya udahili, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, picha za pasipoti, fomu ya afya. Hii ya mwisho aliigeuza nyuma kutafuta mhuri wa hospitali. Kijana aliyekuwa mbele yetu alirudishwa kwa hilo hilo: daktari alisaini, mhuri ukasahauliwa. Wetu ulikuwepo. Kisha akatazama kompyuta, akasema, "Mama, malipo hayajasoma."

Nilijua hayajasoma. Asubuhi ile nilijaribu kulipa kwa simu mara tatu, ikakataa mara tatu. Namba ya malipo, ile yenye tarakimu 12 ambayo watu wanaiita kontroo namba, ina tarehe ya mwisho. Sisi tuliitoa wiki nne nyuma, tukaiweka tukisubiri Bodi ya Mikopo itangaze majina ili tulipe tofauti tu. Majina yalipotoka, namba ilikuwa imeshakufa. Dawa yake ni ndogo: mwanafunzi anaingia kwenye akaunti yake ya chuo na kutoa namba mpya, dakika mbili.

"Aingie hapo hapo kwenye simu," dada akasema.

Binti akanitazama. Neno la siri hakuwa nalo. Akabonyeza pa kuomba jipya, mfumo ukajibu kwamba limetumwa kwenye barua pepe. Barua pepe ile alikuwa hajawahi kuifungua. Iliundwa na kijana wa steshenari nyumbani Mbeya, siku tuliyokwenda kuomba chuo, na namba ya simu iliyowekwa kuilinda ilikuwa ya kijana huyo.

Naomba mzazi mwenzangu asome hapa polepole. Tangu maombi ya vyuo yawe ya moja kwa moja chuoni kupitia mtandao, sisi tusio na kompyuta tunakwenda steshenari. Unakaa kwenye benchi, unataja namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, kijana anabonyeza, unalipa, unapewa karatasi iliyochapwa. Kwa haraka ya foleni anatengeneza barua pepe mpya na kuweka namba yake ili msimbo uingie kwake na kazi iishe. Hana nia mbaya. Ila ufunguo wa miaka mitatu ya mwanao umebaki mfukoni mwake.

Dalili tulishaiona, tukaipuuza. Binti alichaguliwa vyuo viwili, na mwenye bahati hiyo hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa msimbo maalumu kabla ya tarehe iliyotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Msimbo uliingia kwenye simu ya steshenari. Tuliupata kwa sababu tu mdogo wake binti alipita pale kununua kalamu, zikiwa zimebaki siku mbili. Nilishukuru Mungu, nikanunua soda, nikasahau kubadilisha ile namba.

Basi nilimpigia kijana kutoka kwenye foleni ya Dodoma. Aliitafuta barua pepe kwenye daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa wa majina ya watoto wa watu na maneno yao ya siri, yote kwa kalamu nyekundu. Alilotutajia halikufungua. Ikabidi msimbo utumwe kwake naye atusomee. Wa kwanza ulifika mtandao ukiwa umekatika kwetu, ukaisha muda. Wa pili akasoma tarakimu mbili kinyume. Wa tatu ukafungua, saa saba na nusu, jasho likinitiririka mgongoni kama niko jikoni. Kitu cha kwanza binti alichofanya, kabla hata ya malipo, ni kuondoa namba ya kijana na kuweka yake, kisha kubadilisha neno la siri la barua pepe na la akaunti ya chuo. Angeshindwa kabisa, dada wa dirishani alisema, angekwenda ofisi ya TEHAMA ya chuo na kitambulisho chake wamfungulie upya, ila foleni ya kule siku hiyo ilizunguka jengo.

Namba mpya ya malipo ilitoka, nikalipa, ikasoma baada ya nusu saa. Bima ya afya ina namba yake peke yake, na hosteli namba yake. Ukilipa ada ya hosteli kwenye namba ya masomo, chumba hupewi mpaka marekebisho yafanyike.

Upande wa mkopo tulikuwa salama, kwa sababu mwalimu wake alitusimamia mapema. Cheti cha kuzaliwa kilihakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Fomu ilichapwa, ikasainiwa na mdhamini, serikali ya mtaa na kamishna wa viapo, ndipo ikapandishwa tena mtandaoni. Wanaokwama wengi hukwama kwenye jina: cheti cha kuzaliwa kina herufi moja, cheti cha shule kina nyingine. Hilo halimalizwi kwa siku moja. Na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, hata kwa aliyepangiwa, haliingii siku ya kufika. Lazima asajiliwe kwanza, kisha asaini. Nilimwachia binti hela ya kula ya wiki tatu. Naona haitoshi.

Godoro lilikuwa kazi bure, kitanda cha hosteli kilikuwa na lake. Maelekezo ya kujiunga yaliandika hivyo ukurasa wa tano, mimi nilisoma mpaka wa tatu. Nililiuza pale pale kwa mama mmoja mwenye mtoto aliyepanga chumba mtaani, 25,000, nusu ya bei niliyonunulia.

Safari ya kurudi sikuisikia. Kiti cha pembeni yangu alikaa mtu aliyelala hadi Iringa, nami nikawa nawaza chumba cha nyuma kule nyumbani, kitanda kimoja kimebaki na chandarua chake kimefungwa fundo. Mtera nilinunua perege waliokaushwa. Mbeya nilifika usiku, na asubuhi, kabla ya kufungua duka langu, nilimchukua mdogo wake, yuko kidato cha tano sasa, tukaenda kusajili laini ya simu kwa kitambulisho changu. Barua pepe ameitengeneza mwenyewe jioni ile, mezani, mimi nikiwa nimemshikia taa.