Mamba wa Gotthard kafika, na utamu wake wote uko kwenye mwendo wa polepole

Aisee wadau, mamba kafika. Nazungumzia kile kichwa cha treni cha Uswisi, Ce 6/8 II, ambacho wapenzi wa treni dunia nzima wanakiita Krokodil, yaani mamba, na mimi nimekuwa nakitamani tangu nianze kupenda treni za modeli, sasa kipo mezani kwangu, rangi ya kahawia, skeli ya HO yaani 1:87, na tangu kifike sijagusa kichwa kingine, vile vingine vimekaa kwenye rafu vinapigwa vumbi na wala roho hainiumi.

Kwa ambaye hajawahi kumuona, mwili wake umekatwa vipande vitatu. Katikati kuna kibanda kikubwa, humo ndo kuna transfoma na vyumba vya dereva, halafu mbele kuna pua ndefu na nyuma kuna pua ndefu nyingine, kila pua imekaa juu ya magurudumu yake na inapinda yenyewe reli inapopinda. Akiingia kwenye kona unaona pua ya mbele imeshageuka kushoto wakati kibanda bado hakijaamua na pua ya nyuma bado iko kwenye reli iliyonyooka, yaani anapinda kipande kwa kipande, mwili mzima unajikunja, na hapo huna haja ya kuuliza nani alimpa hilo jina na kwa nini.

Umbo hilo halikuchorwa kwa ajili ya kupendeza. Uswisi hawana makaa ya mawe ya maana, walikuwa wanayanunua nje, sasa vita ya kwanza ya dunia ikaja, makaa yakawa shida kupatikana na bei ikapaa, lakini maji yanayoporomoka milimani wanayo mengi, kwa hiyo wakaamua treni za Gotthard, ile reli inayovuka milima ya Alps, ziende kwa umeme. Na Gotthard siyo njia ya mchezo, reli inapanda hadi mita 26 au 27 kwa kila kilomita moja, ina kona juu ya kona, pale kijiji cha Wassen reli inazunguka ndani ya mlima mpaka abiria analiona kanisa lile lile mara tatu kutoka pande tofauti, halafu ukimaliza kupanda unaingia handaki la kilomita 15 lililofunguliwa mwaka 1882. Wakataka kichwa cha kuvuta mizigo mizito kwenye mlima huo. Mota za umeme zenye nguvu za wakati ule zilikuwa madude makubwa, hazikai katikati ya magurudumu kama za siku hizi, ndo maana wakazipandisha juu, mbili kwenye kila pua, na nguvu ikawa inashushwa kwenye magurudumu kwa shafti na fito za chuma. Walitengeneza 33 za aina hii kati ya 1919 na 1922, chuma wakifanya kampuni ya SLM ya Winterthur na umeme wakifanya kampuni ya Oerlikon, baadaye wakaongeza 18 za aina ya pili, Ce 6/8 III. Hiyo 6/8 maana yake ekseli nane lakini zinazosukuma ni sita. Zilipiga kazi mpaka miaka ya 1980, na ipo moja imesimamishwa Erstfeld, pale pale mlima unapoanzia, na nyingine ipo kwenye makumbusho ya usafiri Luzern.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Mwendo wake wa juu kabisa wakati anatoka kiwandani ulikuwa kilomita 65 kwa saa, basi. Baadhi yao waliboreshwa baadaye wakafika 75 na ndo wakabadilishwa jina kuwa Be 6/8. Chukua hiyo 65 ugawe kwa 87, unapata kama sentimita 21 kwa sekunde, maana yake kwenye reli yangu mita moja anatakiwa aimalize kwa karibu sekunde tano, na hapo ndo amekanyaga mpaka mwisho! Jaribu kuhesabu sekunde tano kwa sauti huku unaangalia mita moja ya reli, utaona ni muda mrefu kiasi gani. Video nyingi za modeli ninazoziona watu wanapeleka vichwa vya mizigo nusu mita kwa sekunde na zaidi, hiyo ukiirudisha kwenye ukubwa halisi ni zaidi ya kilomita 150 kwa saa, mamba wa kweli hajawahi kuota kasi hiyo. Mimi naona inamnyima mtu kile alicholipia. Kichwa hiki uzuri wake uko kwenye fito, na fito zikizunguka haraka macho yanaona ukungu tu.

Nielezee hizo fito kwa sababu ndo naziangalia kila jioni. Ukiinama macho yakawa sawa na reli, ukamuweka kwenye hatua ya kwanza au ya pili ya mwendo, unaona shafti inaanza kugeuka, fito inanyanyuka upande mmoja taratibu, inafika juu kabisa, inasita kidogo, au macho yangu ndo yanasita, halafu inashuka mbele huku imebeba magurudumu yote matatu kwa pamoja. Na pua ya nyuma inafanya hivyo hivyo lakini haifuatani na ya mbele, kila moja ina fito zake na mzunguko wake, saa nyingine zinakutana zinakwenda pamoja, saa nyingine moja iko juu nyingine iko chini. Vile vichwa vya bolti kwenye ncha za fito ni vidogo kuliko punje ya mtama na bado kila kimoja kina pembe sita, nimevihakiki kwa lenzi. Fito zenyewe ni chuma kilichofifishwa mng'ao kidogo, haziwaki kama kijiko kipya, nadhani aliyeamua hivyo alimuangalia mamba wa kweli kwa muda mrefu.

Kumfikisha kwenye mwendo huo wa kutambaa kulihitaji kazi kidogo, na kazi yenyewe nimeifurahia. Kwanza nilimuacha akimbie bila behewa, nusu saa kwenda mbele, nusu saa kurudi nyuma, mwendo wa wastani, ili gia zizoeane na grisi isambae, karatasi ya maelekezo inataka hivyo na mimi nashauri usiruke hatua hii hata kama mikono inakuwasha kumfungia mabehewa. Halafu nikahamia kwenye dikoda, kile kifaa kidogo cha elektroniki ndani ya kichwa kinachopokea amri na kuendesha mota. Mimi natumia mfumo wa dijitali, DCC, ambao umeme upo kwenye reli muda wote na amri zinapita humo humo kwenye umeme, kila kichwa kina namba yake na kinasikiliza amri zake tu, na kichwa kipya karibu kila mara kinakuja na namba 3. Ndani ya dikoda kuna sehemu za kumbukumbu zinaitwa CV, unaandika namba na tabia ya kichwa inabadilika. Nikabadilisha namba ya kichwa kwenye CV1, nikashusha CV2 ambayo ndo umeme wa kuanzia mpaka nikapata mahali anaondoka bila kuruka, nikapandisha CV3 na CV4 ili achukue muda mrefu kushika mwendo na muda mrefu kusimama, maana kitu cha tani 120 na zaidi hakisimami kama baiskeli, mwisho nikapunguza CV5 kidogo kidogo huku napima mita moja kwa tepu na saa ya simu, mpaka nikifungua kontrola yote inasoma zile sekunde tano.

Kinachonifurahisha zaidi kwenye hizi dikoda ni jinsi zinavyolinda mwendo wa chini. Mota ikizunguka yenyewe inazalisha umeme kidogo, sasa dikoda inakata umeme kwa kipande kifupi mno cha sekunde ambacho huwezi kukihisi, inapima ule umeme wa mota, inajua mota inazunguka kasi gani kweli, halafu inaongeza au inapunguza. Kwa hiyo akianza kupanda mteremko na mabehewa nyuma hapungui mwendo, na akianza kushuka hakimbii, unamuona anatambaa vile vile kana kwamba mlima haupo. Mota nayo ina flaiwili ya shaba, yaani gurudumu zito dogo, ambayo inaendelea kuzunguka hata gurudumu likipita kwenye kipande kichafu cha reli. Ila reli lazima iwe safi jamani, kwenye mwendo mdogo uchafu ndo unajulikana, mimi nafuta na kitambaa chenye spiriti kabla ya kuanza na sipaki mafuta mengi kwenye gia, tone dogo kwenye ncha ya sindano linatosha, mafuta yakizidi yanashuka kwenye magurudumu na kwenye reli na hapo umejitafutia kazi.

Mtoto wa dada yangu alikuja akakaa na mimi kuangalia, akaniuliza, "Mjomba, kwa nini haendi haraka?" Sikumjibu, nikamwambia achague gurudumu moja alifuatilie kwa macho tangu linatoka kwenye handaki mpaka linaingia kona ya mwisho. Akanyamaza kabisa. Treni ilipozunguka mara kadhaa akasema fito za nyuma zimechelewa kuliko za mbele, nikamwambia umeona kitu ambacho watu wazima wengi hawakioni, sasa akija kontrola anashika yeye na wala hajawahi kufungua mpaka mwisho.

Habari ya uzito nayo inanipendeza. Mamba wa kweli ana tani 128, ukimpunguza mara 87 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo unabaki na karibu gramu 200 tu, lakini huyu wangu ni zaidi ya nusu kilo, mwili karibu wote chuma, yaani kwa ukubwa wake ni mzito kuliko anayemuigiza. Na inahitajika, kwa sababu modeli inavuta kwa uzito wake na kwa pete za mpira zilizovishwa kwenye baadhi ya magurudumu, bila hivyo angebaki anazungusha magurudumu pale pale. Urefu wake ni sentimita 22 na kidogo, ukimshika mkononi kiganja kinashuka. Nimemfungia mabehewa ya mizigo yote niliyonayo ya zama zake, nikampeleka kwenye mteremko wangu ambao niliujenga karibu sawa na wa Gotthard, akapanda bila kuteleza. Hilo handaki la kilomita 15 ningelitaka kwa skeli ningehitaji mita 172 za reli, kwa hiyo langu ni fupi sana na nimeridhika nalo.

Taa nazo wamezifanya Kiswisi. Mbele zinawaka tatu nyeupe, pembetatu, nyuma inabaki moja nyeupe chini upande wa kulia, na kuna kitufe cha kubadilisha nyuma iwe nyekundu. Mtu asiyejua atadhani taa mbili za nyuma zimeungua, mimi ile moja ndo inanifanya nimuamini. Sauti sijaipenda yote kwa usawa. Mngurumo wa transfoma ni mzuri sana, ule mlio mzito unaoendelea hata akiwa amesimama, na feni zikiwashwa unasikia zinaanza chini zinapanda, lakini filimbi imerekodiwa kwa nguvu mno kuliko vingine, nimeishusha, na ninapomuendesha usiku nazima sauti zote nabakisha mlio wa fito peke yake, ule wa chuma kugonga chuma, unafuatana na mzunguko wa gurudumu na ukienda taratibu unausikia mmoja mmoja.

Kitu cha kuangalia kama unataka kumnunua huyu ni kona zako. Modeli nyingi za mamba zinapita kwenye kona ya nusu kipenyo cha milimita 360 kwa sababu mwili umekatwa vipande, ni faida ileile ya mlimani, lakini kupita siyo kupendeza, kwenye kona kali pua inatoka nje sana na unaona pengo kati yake na kibanda. Mimi nimempa kona pana kadiri nafasi ilivyoruhusu. Pia usimshike kwenye paa, kule juu kuna pantografu mbili, ile mikono ya kuchukua umeme kwenye waya wa juu, na waya na vikombe vidogo vya kuzuia umeme, vyote vinavunjika kwa kidole, mshike chini kwa mikono miwili huku umezibana pua zisining'inie. Wanaotaka historia zaidi ya huyu mnyama kama modeli, Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za modeli, wamekuwa wakitengeneza mamba tangu miaka ya 1930 na wa kwanza wao wa HO alitoka 1947, mpaka leo wale wa zamani watu wanawakimbilia.

Kazi niliyobaki nayo ni waya za juu. Kwa sasa pantografu imenyanyuka lakini haigusi kitu, umeme anauchukua chini kwenye reli, na kila nikimuangalia kwa pembeni lile pengo juu ya paa linanisumbua. Nguzo nimeshaanza kuzikata, waya nitaunganisha kwa kulehemu kipande kwa kipande kuanzia upande wa handaki, na mwenye uzoefu wa kuvuta waya kwenye kona bila kuupinda aniandikie hapo chini, nataka kujua nguzo mnaziweka umbali gani.