Wimbo wa Kijapani Ninaousikiliza Nikiwa Mpweke

Upweke unaponielemea, wimbo wa kwanza ninaoutafuta ni "Ue o Muite Arukō", ambao Kyu Sakamoto aliuimba mwaka 1961 na ambao mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani, ingawa wasikilizaji wengi wa huko hawakujua Kijapani. Katika wimbo huo, mtu anatembea peke yake usiku, akiinua uso ili machozi yasimdondoke. Muziki wenyewe una mwendo mwepesi, karibu wa furaha, na kuna mahali mwimbaji anaacha maneno na kupiga mluzi. Hapo ndipo mimi hufarijika zaidi, kwa kuwa huzuni yake haidai kuelezwa. "Lemon" wa Kenshi Yonezu, uliotoka mwaka 2018, ni mzito kuliko huo: unamlilia waziwazi aliyeondoka, nami huusikiliza siku za msiba tu.